Geji inasoma 120, mbona kutu haitoki? Uongo na ukweli kuhusu boksi la sandiblasti la nyumbani

Jana saa tatu usiku niko mezani nakula, simu ikalia. Nafungua nakuta picha ya geji ya kompresa, mshale umelala kwenye 120 PSI (kipimo cha presha), hamna salamu hamna nini, chini kaandika "fundi si unaona upepo upo? sasa mbona kutu haitoki". Hii ni ya nne mwezi huu. Wote wamejiwekea boksi la sandiblasti nyumbani, yaani kasha lililofungwa ambalo ndani yake unapiga chuma na punje kali kwa bunduki ya upepo wa kompresa ili kutoa kutu na rangi, kwenye banda la gari au kibaraza cha nyuma, wengine wamenunua lile la bati la mezani linalokuja na glovu zake, wengine wamejitengenezea kutoka kwenye friji bovu (na sio wazo baya, friji ina raba ya mlango inayoziba vizuri, hapo nawasifu), na wote wanakwama palepale. Bunduki inapiga sekunde ishirini thelathini kwa raha zake, afu inaanza kukohoa, afu inatema punje moja moja kama mtu anatema makapi ya muwa, na kutu iko vilevile.

Kwa hiyo leo nakaa chini naandika, ili picha ya tano ikija niwe nina cha kutuma.

"Geji inasoma 120 kwa hiyo upepo upo"

Ndugu yangu, hiyo geji umeisoma ukiwa hujabonyeza kitu. Upepo umekaa kwenye mtungi, koki imefungwa, lazima isome 120, hata kompresa ya kujazia mpira wa miguu ukiifungia koki itasoma 120. Presha sio upepo. Presha ni nguvu ya kusukuma, upepo wenyewe ni kiasi, lita ngapi zinapita kwa dakika, na sandiblasti inakula lita.

Wa Dar mtanielewa haraka nikisema hivi. Kuna nyumba ina tenki la lita elfu moja juu ya mnara, ukifungua bomba bafuni maji yanakuja kwa nguvu mpaka yanakurukia usoni, unasema hapa maji yapo. Ila bomba la mtaani linalolijaza lile tenki linatoka uzi. Siku ukiamua kumwagilia bustani masaa mawili ndo utajua ulikuwa na tenki, hukuwa na maji. Mtungi wa kompresa ndo lile tenki, pampu ndo bomba la mtaani.

Sa tupige hesabu mara moja tumalize huu ubishi. Chukua kompresa ambayo karibu kila mtu anayo, ile ya 3HP (nguvu farasi tatu), mtungi wa lita 50, pampu imefungwa moja kwa moja kwenye mota hamna mkanda. Kwenye stika utakuta wameandika lita kama 250 kwa dakika. Hiyo ni hesabu ya ukubwa wa silinda mara mizunguko, yaani upepo inaojaribu kuvuta, sio upepo unaotoka upande wa pili. Kinachotoka kweli ukiwa kwenye presha ya kazi ni kama theluthi mbili, tuseme lita 170. Afu angalia bunduki. Boksi nyingi ninazoletewa zina jeti (kitundu kinachopitisha upepo ndani ya bunduki) ya milimita 3.2, na tundu la milimita 3.2 kwenye 80 PSI linapitisha lita kama 480 kwa dakika, wale wanaopenda CFM, futi za ujazo kwa dakika, ni 17. Unaingiza 170, unatoa 480. Pengo la lita 310 kila dakika linalipwa na nani? Mtungi. Na mtungi wa lita 50 ukishuka kutoka 120 mpaka 80 unakuwa umetoa lita 138 hivi basi. Gawanya mwenyewe, utapata sekunde 27. Hizo ndo zile sekunde thelathini unazoniambia "inaanza vizuri afu inaishiwa nguvu", sio mashine ina mashetani.

Hapo ndo anatokea mtu wa pili, huyu ndo ananimaliza kabisa, anasema basi nitanunua mtungi mkubwa. Akaunganisha mtungi wa lita 200 kwenye pampu ileile ya 3HP. Haya, sasa unapiga dakika moja na sekunde arobaini na kitu badala ya 27, afu unakaa zaidi ya dakika tatu unasubiri ijae, na pampu ambayo ilikuwa inapata nafasi ya kupumzika sasa inakimbia mfululizo mpaka kichwa kinaungua. Hizi kompresa ndogo hazikutengenezwa zikimbie bila kupumzika. Oili inapikika, valvu zinaota masizi, baada ya miezi miwili unaniletea niiangalie na mimi sio fundi kompresa.

Kama huamini stika na mimi pia huniamini, pima. Hii haihitaji kifaa, inahitaji simu tu. Shusha mtungi mpaka bar 4 (bar ni kipimo kingine cha presha, moja ni kama PSI 14.5), funga koki zote, washa, anza kuhesabu na simu mpaka ifike bar 8. Bar zilizopanda ni 4, zidisha kwa lita za mtungi, 50, unapata lita 200. Ikikuchukua sekunde 70 maana yake 200 gawanya kwa 70 zidisha 60, ni lita 171 kwa dakika. Hiyo ndo kompresa yako halisi, HP ya kwenye stika iache hukohuko kwenye stika. Kuna mteja alipima ya kwake, imeandikwa 3HP na inanguruma kama lori, akapata lita 110. Alikaa kimya siku mbili.

Ukishajua namba yako nenda kapime jeti. Jeti ni kile kipande kidogo ndani ya bunduki, nyuma ya nozeli (mdomo wa mbele wa bunduki), ndo kinachoamua upepo kiasi gani unaliwa, nozeli ya mbele inatoa mchanganyiko tu. Huna kalipa ya kupimia upana? Chukua biti za drili, ile sehemu laini ya shina, jaribisha ipi inaingia kwenye tundu bila kulegea, biti ya 3 ikiingia na ya 3.5 ikikataa basi uko hapo katikati. Watu wanashangaa hii mbinu kama nimefanya mazingaombwe.

Na hapa ndo ushauri wangu ambao wauza kompresa hawaupendi: usinunue kompresa, nunua jeti ndogo. Tundu likipungua nusu upana wake, upepo unaoliwa unashuka mpaka robo, kwa hiyo hata kupunguza kidogo kunaleta tofauti kubwa. Jeti ya milimita 2 kwenye 80 PSI inakula lita kama 190, ukishusha mpaka 60 PSI inakula kama 150, na hapo 3HP yako ya lita 170 inaenda sambamba, unapiga na mshale umetulia. Nozeli ya mbele iwe kama mara mbili ya jeti, jeti ya 2 nozeli ya 4 au 4.5, ukiweka jeti ndogo ukaacha nozeli ya 7 ya mwanzo bunduki haivuti punje, itapuliza upepo mtupu afu utasema fundi kanidanganya. Sehemu inayosafishika kwa wakati mmoja itakuwa ndogo, kama kidole gumba hivi, ndio, utaenda polepole. Ila polepole bila kusimama unamaliza kava la injini ya pikipiki kabla ya yule wa sekunde 27 hajafika nusu.

Kama unataka lazima upige na 3.2 bila kusimama, andaa 5HP ya mkanda yenye silinda mbili kwa uchache, mimi ningeenda 7.5 ili ipate kupumua, na hapo anza kuongea na fundi umeme kabla hujaongea na muuza kompresa. Soketi ya kawaida ya 13 ampea mwisho wake kilowati 3, mota ya 3HP inapoanza tayari iko pembezoni, 5HP haiingii pale kabisa, inataka waya wake peke yake kutoka kwenye meinswichi, na 7.5 mara nyingi inakuja ya fezi tatu. Yule aliyenitumia picha jana kumbe anaendesha kutoka sebuleni na ekstensheni ya mita 20, ile nyembamba nyeupe ya kuchajia simu, plagi imeshabadilika rangi imekuwa ya kahawia. Nikamwambia zima sasa hivi, habari ya kutu tutaongea kesho.

Kitu cha mwisho kwenye hili la upepo kisha niliache. Ukitaka kusoma geji, isome ukiwa umekanyaga pedeli na punje zinatoka, tena geji iwe karibu na boksi sio kwenye mtungi. Unaweza kuwa na upepo wa kutosha kwenye mtungi ukaunyongea njiani na mpira wa milimita 6 wa kupulizia rangi na zile koneksheni za haraka tatu tatu zimefuatana. Mpira uwe milimita 10 kwa ndani, 13 bora zaidi, uwe mfupi. Nimeona mtu mtungini 110, boksini 50. Alikuwa ameshatangaza kompresa iuzwe.

"Nimefunga wota trapu, upepo wangu ni mkavu"

Umeifunga wapi? Wote wanaifunga palepale kwenye mdomo wa kompresa, kwa sababu ndo kuna uzi wa kuifungia. Pale upepo unatoka wa moto, na kwenye upepo wa moto maji bado ni mvuke, hayajawa maji, trapu haina cha kunasa yanapita kama kawaida. Yanakuja kuwa maji yakipoa, na yanapoa wapi? Kwenye mpira wako, mita mbili kabla ya bunduki. Punje zinalowa, zinashikana kama sukari iliyomwagikiwa chai, bunduki inaziba, unagonga boksi kwa ngumi.

Ukanda wetu wa pwani hili ni kubwa kuliko wanavyoandika wazungu kwenye vitabu vya maelekezo. Joto 30, unyevu robo tatu, kompresa inayotoa lita 500 kwa dakika inaweza kukukamulia karibu nusu lita ya maji kwa saa moja. Nusu lita! Chupa nzima ya maji madogo inapita kwenye bunduki yako.

Dawa yake ni bomba la chuma, lile la maji la nusu inchi la zamani au shaba kama una hela, pitisha ukutani mita 10 au 15 lipande na kushuka kama nyoka, kila linaposhuka chini weka koki ya kumwaga, na unapochukua upepo chomoa kwa juu ya bomba sio kwa chini. Trapu ifunge mwisho kabisa, karibu na boksi. Mwaga maji ya mtungi kila siku jioni, sio siku ukikumbuka.

Na tafadhali sana usitumie PVC. Najua ni rahisi, najua gundi inashika, najua jirani yako anayo mwaka wa tatu. PVC ikizeeka na joto haitoboki polepole, inapasuka vipande vipande vyenye ncha kama bomu, na inapasuka siku umesimama pembeni yake. Sitaki ubishi hapa.

"Mchanga ni mchanga, na si nipo na boksi?"

Jina la kazi lenyewe linatuponza. Mmarekani mmoja anaitwa Benjamin Chew Tilghman alikata hataza (haki ya mvumbuzi) ya huu ufundi mwaka 1870 na kweli alikuwa anapiga mchanga, jina likabaki, na watu mpaka leo wanaenda kuchota mchanga kiroba, wanaukausha juani kwenye bati, wanauchekecha na chekeche ya unga, wanaanza kazi.

Mchanga wa kawaida sehemu kubwa ni kwazi, silika. Punje ikigonga chuma inapasuka, na inapasuka kuwa vumbi jembamba ambalo jicho halilioni, linaingia mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na likifika huko halitoki. Mapafu yanaota makovu, ugonjwa unaitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na mtu mwenye silika kifuani anapata TB kirahisi zaidi kuliko wengine, jambo ambalo sisi wa huku hatuwezi kulichukulia poa. Uingereza walipiga marufuku mchanga kwenye kazi ya kusafisha vyuma vya kumimina kwa sheria ya mwaka 1949. Marekani taasisi yao ya usalama kazini, NIOSH, ilishauri mwaka 1974 uachwe. Uturuki walikuja kupiga marufuku 2009 baada ya vijana waliokuwa wanapiga jinzi zionekane zimechakaa kuanza kufa, vijana kabisa, kwa ajili ya suruali.

"Lakini fundi mi nipo na boksi, limefungwa." Limefungwa mpaka lini? Ukifungua mlango kutoa kifaa, wingu linakufuata. Ukichekecha mchanga urudi kutumika, ndo vumbi lenyewe hilo unalichekecha. Ukimwaga ile vakyumu inayonyonya vumbi la boksi. Glovu ikitoboka kidogo. Afu jioni unafagia banda kwa ufagio mkavu na mtoto yupo mlangoni anakuangalia. Boksi linazuia punje zisikupige usoni, vumbi lina njia zake.

Na wa baharini ndo wana balaa mara mbili, kwa sababu mchanga wa ufukweni una chumvi. Unapiga chuma kinang'aa, unapaka rangi, miezi mitatu vinaota vipele vya kutu chini ya rangi, unailaumu rangi.

Halafu kuna maziwa. Hili nililikuta nilipoanza kazi, tulikuwa tunapewa pakiti ya maziwa kila mtu jioni eti yanasafisha vumbi kifuani, na mpaka leo wachomeleaji, wapaka rangi, wasaga nafaka, wote wanaamini. Maziwa yanaenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu. Hizo ni njia mbili tofauti na hazikutani mahali popote, kama maziwa yangefika kwenye mapafu ungekuwa unazama. Kunywa maziwa kwa sababu ni matamu. Kwa vumbi vaa barakoa ya raba ya nusu uso yenye vichungio vya P100 au P3, zile za karatasi za bluu za wakati wa korona hazifanyi kitu hapa, na leso ndo kabisa.

Tumia garneti (punje za jiwe gumu), au alumini oksaidi namba 80 mpaka 120 kwa kutu na rangi, au glasi bidi zile punje za duara za kioo kwa alumini na kabureta ukitaka mng'ao laini. Kioo kimetokana na mchanga ndio, ila kikishayeyushwa silika yake inakuwa sio ile ya fuwele inayoua mapafu, msinirudie na hilo swali. Ila pia usijitengenezee, kuna jamaa alitwanga chupa za bia kwenye kinu cha mama mkwe, akapata vipande vya kila saizi, nozeli ikaziba ndani ya dakika moja na kinu kikawa hakitumiki tena. Na kuhusu bei, utasema garneti ghali. Kwenye boksi haipotei, inaanguka chini unaipiga tena na tena, kilo 10 mpaka 15 zinatosha kuanzia na zitakaa, yule wa mchanga anachota kiroba kila wiki maana wa kwake unageuka vumbi mara ya kwanza tu.

Yanayobaki, kwa haraka maana nimechoka

*Presha kubwa inasafisha haraka.* Kwa chuma kinene, kidogo ni kweli, kwa kila kitu kingine hapana. Glasi bidi ukizipiga 90 zinapasuka zinakuwa unga, hizo ni za 40 mpaka 60. Bati la bodi ya gari ukilikalia na presha linapinda kama chapati, na halirudi.

*Elekeza bunduki wima kabisa.* Ukipiga wima, punje zinazorudi zinagongana na zinazokwenda, unapoteza nguvu na unakwaruza kioo chako cha kuchungulia. Laza bunduki nyuzi 45 mpaka 60, umbali wa kiganja kilichotanuliwa. Na kioo kibandikie ile karatasi ya nailoni ya kinga, ikichakaa unabandua, kioo chenyewe unakiacha.

*Sandiblasti inatoa grisi.* Inaitawanya. Grisi inashika punje, punje zinachafua boksi zima, na chuma unakipiga mafuta yanaingia ndani ya vitundu. Osha kwanza na degrisa, kausha kabisa, ndo uingize. Nina boksi moja nilitupa kilo 15 za alumini oksaidi kwa sababu ya geaboksi moja ya mtu ambaye aliniapia kaiosha. Ilikuwa inatoa harufu ya oili ya 90 kila nikiwasha mpaka nikakata tamaa.

*Vakyumu ya nyumbani inatosha kunyonya vumbi.* Kwa kuona ndani itakusaidia, ila mfuko wake unapitisha lile vumbi jembamba lote linarudi chumbani upande wa pili, umejitengenezea feni ya vumbi. Weka kichungio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi jembamba, na kabla yake weka pipa la kuzungusha vumbi lidondoke, au toa bomba la kutokea nje ya banda mbali na kamba ya nguo. Boksi pia liwe na tundu la kuingiza upepo safi upande wa pili, bila hivyo vakyumu inavuta glovu zinaingia ndani na kujaa kama maputo. Na usichanganye vumbi la alumini na la kutu kwenye ndoo moja ukaiacha mwaka, huo mchanganyiko cheche ikiingia unawaka moto ambao maji hayauzimi.

*Umeme unanipiga kwa hiyo waya umekatika.* Mara nyingi ni umeme tuli, wa punje kusugua mpira. Funga waya kutoka kwenye bunduki na bati la boksi mpaka kwenye erthi. Ila kwanza kapime kweli kama sio waya umekatika, nimeshakuta yote mawili kwa wakati mmoja.

*Hiki hakihitaji kuzibwa.* Kinahitaji. Bearingi, nyuzi za bolti, ndani ya silinda, tundu za oili, ziba na raba au bolti ya zamani, tepu ya karatasi inaondoka sekunde ya pili. Punje moja ikibaki kwenye njia ya oili ya silinda hedi itaimaliza injini, na mimi silipi. Vichwa vya injini za magari kwangu sichukui tena, wateja wamenifundisha.

*Boksi kubwa ni bora.* Boksi kubwa linataka mkono mrefu. Pima kutoka bega lako mpaka ncha za vidole, kona ya mbali ya boksi isizidi hapo, maana watu wanajenga boksi la mita moja na nusu afu hawafiki ukuta wa nyuma. Wengine hawapimi ringi, inchi 17 ikiwa na tairi lake haiingii mlangoni. Na mmoja, wa Mbagala huyu, alichomelea la kwake ndani ya banda, kazi nzuri, weldi zimenyooka, rangi mbili, taa za LED ndani, akaniita nije nione. Lilikuwa kubwa kuliko mlango wa banda. Mpaka leo liko humo, anahifadhia mkaa.